Shangazi, tunagombana kwa ajili ya kocha aliyekufa zamani, kumbe mwanangu anasikiliza

Shangazi shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, kwetu Tanga, nipo hapa Columbus Ohio mwaka wa 20 sasa, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo shifti ya usiku. Hii barua nimeiandika nikaifuta mara mbili maana ukiiangalia juu juu ni ubishi wa mpira tu, ila umeshaniharibia undugu na sasa naona umemfikia mpaka mtoto, kwa hiyo nivumilie nikueleze.

Nilipofika huku nilikuwa siijui kabisa hii futiboli yao ya kuvaa helmeti na mabega ya plastiki. Aliyenifundisha ni mzee mmoja mzungu tuliyekuwa tunapanga naye mizigo, shabiki damu damu wa Ohio State, chuo kikuu cha hapa Columbus, tukikaa mapumziko stori yake moja tu, Woody Hayes. Kwa wasomaji wa nyumbani, Woody Hayes alikuwa kocha wa Ohio State kuanzia 1951 mpaka 1978, misimu 28, mechi 205 kashinda, ubingwa wa Big Ten, ligi ya vyuo vya huku, kachukua mara 13, mpaka leo kuna barabara ina jina lake inapita palepale uwanjani. Mzee aliniambia huyu mtu alikuwa anaenda hospitali kuona wagonjwa bila kamera wala waandishi, nyongeza za mshahara anazikataa, wachezaji wake anawafuata mpaka darasani ili wamalize digrii. Mi nikampenda. Alinikumbusha mwalimu wangu wa hesabu darasa la sita, mkali balaa, fimbo haimtoki mkononi, lakini ndo aliyenifaulisha.

Sasa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, yeye kasoma Chuo Kikuu cha Michigan pale Ann Arbor na anaishi kulekule, saa tatu hivi kwa gari kutoka kwetu. Ohio State na Michigan ni Simba na Yanga kabisa. Hapa wiki ya mechi pale chuoni wanabandika X nyekundu juu ya kila herufi M iliyoko kwenye mabango, na Woody mwenyewe hilo jina Michigan alikuwa hataki hata kulitaja, anasema jimbo lile la kule kaskazini. Kila Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya huku mwezi Novemba, wao wanakuja kwetu au sisi tunaenda kwao, Jumamosi yake ndo mechi, pilau linapikwa, tunataniana weee, jioni tunaagana vizuri. Miaka yote hivyo.

Mwaka huu wa 2024 tumeharibu. Novemba 30 tuko sebuleni kwangu, Michigan katufunga 13-10 hapahapa Columbus, mara ya nne mfululizo, halafu wachezaji wao wakaenda kusimika bendera yao katikati ya uwanja wetu, ngumi zikaanza, polisi wakapuliza ile dawa ya pilipili. Shem akacheka akasema nyie ngumi mmerithi kwa yule mzee wenu. Nikamwambia yule mzee muache kaburini kwake. Hakuacha. Akaanza 1971 alivyoingia uwanjani pale Ann Arbor kwa hasira akavunjavunja vibao vya pembeni ya uwanja, akaja 1977 alivyomvamia mpiga kamera wa tv, akamalizia na ile ya Gator Bowl 1978, mechi ya mwisho wa msimu, alipompiga mchezaji wa chuo cha Clemson. Nami nikapanda. Nikasema Bo Schembechler, kocha wenu wa zamani mnayemsifia, ni mwanafunzi wa Woody, kacheza chini yake chuo cha Miami huku Ohio, kawa msaidizi wake, ukali wote kaupata wapi kama siyo kwake. Nikasema kocha lazima awe mkali, mtoto asiyeguswa hafiki popote. Nikasema yule kijana wa Clemson alipigwa kakofi tu, watu wamekuza. Shem akasimama, akasema shem yule ni mtoto wa mtu, hata muda wa kujikinga alikuwa hana. Tukapandishiana mpaka nikamwambia kama nyumba yangu haimfai mlango anaujua. Shangazi hayo maneno nimeyatoa kwa mdomo wangu mbele ya mke wangu na watoto wa pande zote mbili. Akabeba familia yake akaondoka usiku uleule, asubuhi tukakuta kaleft kwenye grupu la familia.

Usiku ule nikaenda jikoni kuosha masufuria, nilikuwa siwezi kulala. Mwanangu mkubwa ana miaka 16, anacheza futiboli haiskuli kwao. Akaja akachukua kitambaa akawa anafuta vyombo, kimyaaa. Halafu akaniuliza bila kuniangalia, baba kwa hiyo kocha akimshika mchezaji ni sawa? Nikamuuliza kumshika vipi. Akaweka sahani chini, akajishika taya akalivuta kwa mbele mpaka shingo ikaenda nayo, akasema hivi, kwenye nondo za helmeti.

Kumbe tangu Septemba. Akidondosha mpira mazoezini au akisimama pasipo pake, kocha wake anamshika zile nondo za mbele ya helmeti anamvuta mpaka anapepesuka, anamtikisa, anamfokea mate yanamrukia. Siyo yeye peke yake, wako kama watatu. Nikakumbuka Oktoba alikuwa na mchubuko chini ya kidevu, mama yake alipomuuliza akasema ni wembe. Na mimi nilifurahi Shangazi, nikasema mwanangu kaanza kunyoa. Ule ulikuwa mkanda wa helmeti.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema niliona wewe unampenda Woody.

Hapo nimekwama mpaka leo. Mama yake anasema atolewe kwenye timu mara moja. Mtoto ananibembeleza nisiseme kitu maana atapoteza namba na wenzake watamuita mbea. Na huyo kocha siyo mtu mbaya, nisimsingizie. Mimi nikiwa shifti ndo anamrudisha nyumbani na gari lake, maksi za mtoto zimepanda kwa sababu yake, mwaka jana nilipopunguziwa masaa kazini alimnunulia viatu vya kuchezea hakutaka hata kurudishiwa hela. Msimu umekwisha lakini Januari wanaanza mazoezi ya vyuma. Nifanye nini? Na kwa shem naanzia wapi?

Baba wa kijana, Columbus

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba baba. Barua yako nimeisomea hapa Toledo, mji ambao mwaka 1835 Ohio na Michigan waliitisha majeshi kuugombania, na mpaka leo mtaani kwangu nyumba hii ina bendera nyekundu ya Ohio State inayofuata ina ya bluu na njano ya Michigan. Wanangu wawili wamecheza haiskuli, nimekaa kwenye yale mabenchi ya chuma na blanketi magotini misimu saba. Kwa hiyo ubishi wenu naujua, na nitaanza nao kabla ya kijana, maana naona majibu yako mlemle.

Hilo neno kakofi kwanza tulitoe. Ile Gator Bowl ilikuwa Desemba 29 1978, Jacksonville Florida. Ohio State wako nyuma 17-15, zimebaki dakika mbili na kitu, wameshafika karibu kiasi kwamba teke moja zuri linawapa pointi 3 na mechi inakuwa yao. Kwotabeki wao, yaani mrusha mipira, Art Schlichter, mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni, akarusha pasi ikanaswa na Charlie Bauman wa Clemson, akakimbia nayo mpaka akatolewa nje, bahati mbaya upande uleule wa benchi la Ohio State. Anainuka na mpira wake, mbele yake kasimama mzee wa miaka 65, anamshika anampiga. Kooni, baba. Kijana wa watu kafanya kazi yake vizuri, hana ugomvi na yeyote, anapigwa ngumi ya koo, chini ya kidevu. Na mchubuko wa mwanao ulikuwa wapi?

Naomba ukae na hilo kidogo.

Pia umesema shem alikuhesabia 1971 na 1977. Angeweza kuongeza Januari 1 1973 kwenye Rose Bowl, mechi nyingine ya mwisho wa msimu, Woody alimsukumia mpiga picha kamera yake mwenyewe usoni. Kila mara watu walishtuka siku mbili tatu, halafu zikawa stori za kuchekesha, ah mzee Woody bwana ndivyo alivyo, na kila mara akabaki kazini. Mimi naona hapo ndipo waliomzunguka walimkosea. Walimpenda sana wakashindwa kumwambia. Kibao kikavunjwa wakasema ni kibao tu, kamera ikapigwa wakasema ni kamera, mwisho ikafika kwenye koo la mtoto na hapo ikawa hakuna namna tena. Kocha wa kijana wako leo yuko kwenye nondo za helmeti. Bado kuna mtu anaweza kumsaidia, na mtu huyo ni wewe.

Sasa kuna jambo kuhusu yule mzee ambalo naona hata wewe unayempenda hulitaji. Unajua nani alimfukuza? Hakuwa mtu wa Michigan. Alikuwa Hugh Hindman, mkuu wa michezo wa Ohio State, ambaye kacheza chini ya Woody kulekule Miami kama Bo, halafu akawa kocha msaidizi wake hapo Columbus. Mtu wake wa ndani kabisa, na alimtoa asubuhi iliyofuata, hawakusubiri hata wiki. Halafu chuo hichohicho Machi 1986, Woody mzee na mgonjwa, wakamsimamisha mbele ya wahitimu awape hotuba ya mahafali, mwaka mmoja kabla hajafariki. Na hiyo barabara wakampa. Waliomfukuza hawakumfuta, na waliomheshimu hawakusema ile ngumi ilikuwa kitu kidogo. Wewe umekaa miaka 20 ukidhani lazima uchague kimoja, ndo maana leo viatu vya kuchezea vimekufunga mdomo.

Viatu alivyomnunulia ni kweli. Kumrudisha nyumbani usiku ni kweli, na mshukuru kwa hayo, mshukuru kwa jina lake. Lakini shukrani hailipwi kwa shingo ya mtoto.

Nakuja kwenye mwalimu wako wa hesabu. Kwetu wote tumechapwa, mimi nimechapwa na walimu wanne, na somo nililofaulu vizuri ni la mmoja tu kati yao, yule aliyekuwa anabaki na mimi baada ya vipindi ananichorea pembetatu kwa kijiti chini ya mwembe mpaka nielewe. Kwa miaka mingi nilisema fimbo yake ndiyo iliyonisaidia, kumbe walimu wote wanne walikuwa na fimbo, huyu alikuwa na kitu cha zaidi. Mkumbuke vizuri mwalimu wako, alikuwa anafanya nini kingine zaidi ya kuchapa? Nadhani utakikumbuka, na hicho ndicho umwambie mwanao siku mkiongea.

Na uongee naye kabla hujaongea na mtu mwingine. Mchukue kwenye gari muwe wawili tu, watoto wa umri huo wakiwa wanaangalia barabara wanasema zaidi kuliko wakiangaliwa usoni. Mwambie nilikosea. Usizunguke, usiseme lakini na usianze na utotoni kwako. Mwambie ile siku nilisema mtoto asiyeguswa hafiki popote na nilikuwa nimekosea, na nilisema kijana wa Clemson alipigwa kakofi na ule ulikuwa uongo. Kaficha mchubuko miezi miwili kwa sababu baba yake alikuwa shahidi wa upande wa kocha, sasa inabidi asikie kwa sikio lake kwamba shahidi kahama. Halafu muulize shingo, muulize kama anaumwa kichwa au anaona kizunguzungu, na akisema ndiyo hata kidogo tu mpelekeni kwa daktari wiki hiihii, habari za kocha zitafuata.

Atakubembeleza tena usiseme. Hapo usimpe ahadi ya kunyamaza maana huwezi kuitimiza, mpe ahadi kwamba hutafanya kitu nyuma ya mgongo wake, kila hatua ataijua kabla. Mwambie na kitu ambacho anakijua kuliko wewe: kwenye mechi mchezaji wa timu pinzani akishika nondo za helmeti yake akazivuta, refa anatupa kitambaa cha njano na timu ya aliyeshika inaadhibiwa yadi 15. Hata adui haruhusiwi. Wanangu hilo lilikuwa linawaingia haraka kuliko mahubiri yangu yote.

Mke wako yuko sahihi kwamba haiwezekani ikaendelea hata siku moja ya Januari, lakini kumtoa kwenye timu bila yeye kutaka mtamfanya aone kaadhibiwa yeye kwa kusema ukweli, na siku nyingine hatasema. Nendeni kwa kocha wote wawili, baba na mama, sasa hivi msimu ukiwa umekwisha na hakuna mtu mwenye presha ya mechi. Ombeni nafasi kwa imeili ili iwe kwenye maandishi. Msiende na hasira. Anzeni na viatu na lifti za usiku, semeni asante ya kweli, halafu mwambie hivi: mwanangu usimshike helmeti tena, wala shingo, wala nguo, mfokee akikosea ila mikono yako ikae kwako. Halafu nyamaza umwache yeye aongee. Makocha wengi wa aina hii nimewaona, mwingine atainama chini akuambie samahani, hakuna aliyewahi kumwambia. Mwingine atacheka akuambie ndo futiboli hiyo, na huyo akishacheka hamna cha kubishana naye, mnatoka pale mnaenda kwa mkuu wa michezo wa shule, na mnamwandikia siku hiyohiyo tarehe na matukio kama kijana alivyoyaeleza. Kwa hiyo hayo mambo yaandikeni kabla hamjaenda popote, daftari la kawaida linatosha, tangu Septemba anayokumbuka, nani alikuwepo. Wale wenzake wawili nao wana wazazi, watafuteni, mtashangaa na wao waliambiwa ni wembe. Na usiogope ukaona mgeni kama wewe utaonekana msumbufu, Ohio walishapiga marufuku adhabu za viboko kwenye shule za umma tangu 2009, unachoomba siyo upendeleo.

Kuhusu namba yake, sitakudanganya, inawezekana akakalishwa benchi. Ikitokea, liandikeni na hilo mkawasilishe palepale. Lakini mtoto wa miaka 16 akikaa benchi huku anajua baba yake alisimama, anaweza kuvumilia. Alichokuwa anavumilia mpaka sasa ni kibaya zaidi, kila mechi alikuwa anatazama jukwaani anamuona baba anampigia kocha makofi.

Sasa shem. Huyu ndiye wa kwanza nyumbani kwako kumtetea mtoto asiyejikinga, na alikuwa hajui kwamba mwingine yuko palepale anasikiliza. Ni mjomba wa kijana, na nahisi kijana ataongea naye mambo ambayo kwako bado yanamshinda, usione wivu kwa hilo. Ile ya mlango umwombe radhi mbele ya mkeo, maana ni kaka yake uliyemtoa, naye hajakuambia ila kaumia. Mwendee kwa gari hizo saa tatu wikiendi hii kama shifti inakuruhusu, na mbebe kijana. Bendera na 13-10 mtabishana mwakani.

Ila leo kabla hujalala mtumie meseji, asije akasikia kwa watu. Isiwe ndefu. Shem, lile neno la mlango nimekosa, nisamehe. Na kuhusu koo la yule kijana wa Clemson ulikuwa sahihi. Kuna jambo la mpwa wako nataka ulisikie kutoka kwangu, nipigie ukitoka kazini, saa yoyote, nipo macho.